Vazi la Kiislamu ni la nchi gani?

 

Wiki chache zilizopita, tukiwa katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akaniuliza: "Ustadh, kwenye simu ya kaka nimeona Waislamu wa Indonesia, wa Uturuki, wa Nigeria na wa Iran. Wote wamejisitiri, lakini hakuna anayefanana na mwenzake. Sasa vazi la Kiislamu hasa ni la nchi gani?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilinirudisha kwenye jambo nililolifanya miaka kadhaa nyuma, ambalo mpaka leo sijalisahau.

Ndio kwanza nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kuanza kufundisha. Siku hiyo tulikuwa tunajipanga kwa swala ya adhuhuri, nikamuona kijana wa miaka kama kumi na saba kasimama safu ya mbele. Amevaa suruali ya jinzi na fulana yenye maandishi. Suruali haikuwa imelegea, wala haikuwa imembana. Nilimshika bega, nikamwambia mbele za watu: "Hili si vazi la msikitini. Nenda kavae vizuri, kisha urudi." Akaondoka kimya. Hakurudi swala ile, wala wiki ile, wala mwaka ule.

Baada ya muda mrefu nilimkuta anauza viatu vya mitumba. Nikamsalimia, akaitikia kwa adabu. Nikamuuliza mbona haonekani msikitini. Akanijibu: "Ustadh, siku ile sikuwa na nguo nyingine. Nikaona msikiti ule una watu wake."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na hadithi nyingi kichwani, lakini sikuweza kumtajia aya moja wala hadithi moja inayoharamisha suruali ile. Nilimfukuza kwa jina la dini, kumbe nilimfukuza kwa jina la mazoea yangu.

Makala hii ni jibu langu kwa mwanafunzi yule. Na kwa upande mwingine, ni deni langu kwa kijana yule.

Sheria imeweka mpaka, haikushona nguo

Tuanze pale ambapo Muislamu anatakiwa aanzie. Katika Suratul A'raf (7:26) Allah (s.w.) anawazungumzia wanaadamu wote, sio Waislamu peke yao, akiwakumbusha kuwa amewateremshia mavazi ya kusitiri tupu zao na mavazi ya pambo. Kisha anatanabahisha kuwa vazi la uchamungu ndilo lililo bora zaidi. Hapa tunapata mambo matatu katika nguo moja: sitara, pambo na uchamungu. Tuyaweke akilini mambo haya, kwani tutayarejea.

Mipaka ya sitara imeelezwa. Mwanamke wa Kiislamu anatakiwa asitiri mwili wake, na Maulamaa wamehitilafiana hasa juu ya uso na viganja. Nguo yake isionyeshe mwili kwa wepesi wake, wala isichore maungo kwa kubana kwake. Mwanamume, kwa kauli ya Maulamaa walio wengi, asitiri baina ya kitovu na magoti, na ameharamishiwa hariri na dhahabu. Wanaume wasivae mavazi ya kike, wala wanawake wasivae ya kiume. Wote wawili wamekatazwa kibri na nguo ya kutafutia umaarufu. Na tusisahau kuwa katika Suratun Nur, kabla ya aya ya 31 inayowaamrisha wanawake kuteremsha shungi zao, ipo aya ya 30 inayowaamrisha wanaume kuinamisha macho yao. Wahadhiri wetu wengi huanzia aya ya 31.

Sasa tazama yale ambayo hayakutajwa. Halikutajwa jina la mshono. Haukutajwa urefu wa kola, idadi ya vifungo wala jina la mji nguo inakotoka. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Mughira bin Shu'ba (r.a.), kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa safarini alivaa juba la Sham lenye mikono iliyobana, kiasi kwamba alipotaka kutawadha ilibidi aitoe mikono yake kwa chini. Sham ya wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Warumi. Mtume (s.a.w.) hakuuliza fundi aliyelishona anaabudu nini. Anas (r.a.) naye amesimulia kuwa katika nguo zote, aliyoipenda zaidi Mtume (s.a.w.) ilikuwa hibara, kitambaa cha Yemen. Hivyo kiongozi wa Waislamu, akiwa Madina, alivaa nguo za kaskazini na za kusini, maadamu hazikuvuka mpaka.

Hata rangi haikufungwa. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa hijabu isiyokuwa nyeusi ina upungufu. Kweli zipo riwaya zinazoonyesha kuwa wanawake wa Kianswari walivaa nguo nyeusi. Lakini imepokewa pia katika Bukhari kuwa mwanamke mmoja alikwenda kwa Bibi Aisha (r.a.) kumshitakia mumewe naye akiwa na ushungi wa kijani. Bibi Aisha alimhurumia kwa masaibu yake. Hatukusimuliwa kuwa alimkemea kwa rangi ya ushungi.

Wanazuoni wa Usul wana kanuni inayosema kuwa desturi huhukumiwa nayo, yaani pale sheria iliponyamaza, mazoea mema ya watu yanazingatiwa. Ndiyo maana mwanamume wa Indonesia anaswali na sarung na kofia nyeusi inayoitwa peci, Mhausa wa Nigeria anaswali na joho pana, na mzee wa Lamu anaswali na kanzu na kofia ya vito. Wote wamo ndani ya mpaka. Hakuna aliyemzidi mwenzake ila kwa kile ambacho fundi cherehani hawezi kukishona.

Kisa cha tarbushi

Hebu tuangalie jinsi mazoea yanavyoweza kugeuka dini bila ya sisi kujua. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa dola ya Uthmaniya aliamuru watumishi wa serikali waache vilemba na kuvaa tarbushi, ile kofia nyekundu yenye shada. Wapo waliochukizwa. Kwao kilemba kilikuwa alama ya Uislamu, na tarbushi ilikuwa uzushi uliotoka kwa watawala.

Haukupita hata muda wa miaka mia. Mwaka 1925 Mustafa Kemal alipitisha sheria iliyowalazimisha wanaume wa Uturuki kuvaa kofia za Kizungu na kupiga marufuku tarbushi. Safari hii watu walisimama kuitetea tarbushi ile ile, kwa sababu sasa ndiyo iliyokuwa alama ya Uislamu. Mwanachuoni Iskilipli Atif, aliyekuwa ameandika kijitabu cha kupinga kuiga mavazi ya Wazungu, alinyongwa Februari 1926, ingawa kijitabu hicho alikiandika kabla ya sheria yenyewe kupitishwa. Allah amrehemu. Dhulma aliyofanyiwa haina utetezi. Hapa kwetu nako, Waingereza waliwavalisha askari wao wa KAR tarbushi hiyo hiyo walipowatuma vitani kupigania ufalme wao.

Tarbushi ni ile ile. Mwaka 1829 ilikuwa uzushi, mwaka 1925 ikawa dini, na kichwani mwa askari wa mkoloni ikawa sare ya kazi. Swali la kujiuliza ni hili: kama kitambaa kimoja kinaweza kubeba maana tatu katika miaka mia, je, maana inakaa katika kitambaa au katika moyo wa anayekivaa na katika jicho la anayekitazama?

Baibui la mabibi zetu

Labda mtu atasema hayo ni ya Waturuki. Basi tuje pwani yetu. Wengi tunaamini kuwa baibui jeusi ni vazi la tangu na tangu, walilovaa mabibi wa mabibi zetu. Historia haisemi hivyo. Katika karne ya 19 huko Unguja na miji mingine ya pwani, kujifunika kulikuwa alama ya uungwana. Wanawake wa tabaka la juu la Kiarabu walivaa barakoa usoni. Lamu wanawake wa kiungwana walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema, huku watumwa wakikishikilia. Mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake.

Utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walianza kujivika kanga na kujitanda. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, baibui likaenea kwa wanawake wa matabaka yote. Kwa wakati ule lilikuwa vazi jipya la wasichana wa mjini, au kama tunavyosema leo, fasheni. Lakini fasheni ile ilikuwa na maana nzito. Mwanamke aliyenyimwa sitara na binaadamu mwenzake aliirudisha kwa mikono yake mwenyewe. Sitara ambayo Allah aliwapa wanaadamu wote, mabwana walikuwa wameifanya mali yao.

Naomba dada zangu wasome hapa kwa makini. Mimi nimeshuhudia binti wa Kiislamu akichekwa na wenzake kwenye shughuli kwa sababu amekuja na gauni refu la kitenge na mtandio wa kawaida, wakati wao wamevaa abaya za Dubai zenye vito vya kumeremeta. Binti yule alikuwa amejisitiri kuliko baadhi ya waliomcheka. Mabwana wa zamani walimwambia mtumwa: wewe si mwenzetu, usijisitiri kama sisi. Na sisi tunamwambia maskini: jisitiri kama sisi, la sivyo wewe si mwenzetu. Maneno yamegeuka, lakini kibri ni kile kile.

Wenye nguvu wanaposhika mkasi

Tukitoka kwetu na kutazama nchi nyingine, tunaona kuwa vijana, na hasa wasichana, ndio wanaolipa gharama kubwa pale wenye nguvu wanapojifanya mafundi wa nguo za watu.

Ufaransa ilianza na wasichana watatu wa mji wa Creil waliofukuzwa shule mwaka 1989 kwa sababu ya mitandio. Mwaka 2004 ikapitishwa sheria ya kuzuia alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali. Mwaka 2010 ikafuata sheria ya kuzuia kufunika uso hadharani. Shule zilipofunguliwa Septemba 2023, serikali ilipiga marufuku abaya mashuleni. Siku ya kwanza walifika karibu wasichana 300 wakiwa wamevaa abaya, na kwa hesabu ya serikali yenyewe, 67 walikataa kuivua wakarudishwa nyumbani. Ajabu ni kwamba abaya ni gauni refu tu. Gauni refu la dukani akilivaa msichana aitwaye Marie, ni gauni. Akilivaa aitwaye Mariam, ni hatari kwa dola. Kumbe hawakupima nguo, walimpima aliyeivaa. Nchi inayojisifu kwa uhuru ilimuogopa mtoto wa shule kwa sababu ya urefu wa gauni lake.

Uturuki, nchi yenye Waislamu wengi, ilifanya yanayofanana na hayo. Mwaka 1999 Bi Merve Kavakci, mbunge aliyechaguliwa na wananchi, alizuiwa kula kiapo bungeni kwa sababu ya mtandio wake. Wasichana wengi walikosa vyuo vikuu kwa sababu hiyo hiyo, mpaka marufuku ile ilipoanza kulegezwa mwaka 2010. Tunisia ilikuwa na amri ya mwaka 1981 ya kuzuia hijabu katika taasisi za umma. Indonesia nayo, yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi zote duniani, iliwazuia wasichana kuvaa jilbab katika shule za serikali kuanzia mwaka 1982 hadi 1991.

Katika Afrika yetu, Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2019 ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2016 uliokuwa umewaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule zinazodhaminiwa na kanisa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu kabisa ya Nigeria iliwapa haki hiyo wanafunzi wa Lagos. Kitambaa ni kimoja na dini ni moja. Haki ya binti inategemea amezaliwa upande gani wa mpaka.

Haya yote wasomaji wa safu hii wanayajua na yanawauma, na ni haki yawaume. Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Iran mwaka 1936, kwa amri ya Reza Shah, askari waliwavua wanawake hijabu barabarani. Wapo waliojifungia majumbani ili wasidhalilishwe. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 mambo yaligeuka, na kufikia mwaka 1983 hijabu ikawa lazima kwa sheria yenye adhabu. Septemba 2022 binti wa miaka 22, Mahsa Amini, alikamatwa mjini Tehran na askari wa maadili kwa kosa la hijabu, na akafariki akiwa mikononi mwa dola. Baada ya hapo tuliwaona mabinti wa Kiislamu wakichoma mitandio yao hadharani.

Hijabu ni faradhi. Hilo halina mjadala, na simo katika wanaotaka kuifanya kuwa hiari. Lakini faradhi ni ibada, na ibada inahitaji niya. Fimbo inaweza kufunika kichwa, haiwezi kutia niya. Binti aliyevishwa kwa fimbo, siku fimbo ikiondoka atavua. Na pengine atavua na mengine zaidi ya mtandio.

Hapa nchini pia tuna la kukumbuka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969, kupiga vita vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Lengo lilikuwa kulinda utamaduni. Lakini hata kabla ya tarehe yenyewe, wasichana walishambuliwa na makundi ya vijana pale Kariakoo. Malawi ya Rais Banda mwaka 1973 ilitunga sheria ya kuwakataza wanawake suruali na vimini. Leo nenda Kariakoo au Blantyre utazame wanavyovaa. Amri zile zilipita. Waliofundishwa haya na wazazi wao, haya imebaki kwao na kwa watoto wao.

Nami nilipomshika bega yule kijana na kumtoa safu ya mbele, sikuwa na bunduki wala sare. Lakini nilikuwa askari wa aina hiyo hiyo, mdogo tu.

Na uhuru wa kijana nao uhojiwe

Nisieleweke vibaya. Kijana atakayesoma mpaka hapa akafurahi kuwa ustadh amemruhusu avae atakavyo, asome na sehemu hii.

Siku moja niliwaambia vijana wa darasa la jioni wanitafsirie maandishi ya fulana walizovaa. Walikuwa kumi na wawili. Wanne tu walijua kilichoandikwa vifuani mwao. Mmoja alikuwa ametangaza bia ya Marekani kwa muda wa mwaka mzima, bure, na alikuwa akiingia nayo msikitini. Fulana ile iliacha kuvaliwa huko, ikafungwa katika robota la mitumba, ikafika Karume, ikanunuliwa na kijana wa Kiislamu anayeswali swala tano. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini je, alichagua? Anayevaa asichokijua hajachagua. Amechaguliwa.

Au tuchukue suruali ya mlegezo, ile vijana wanayoiita kata K. Inavyosimuliwa, asili yake ni magereza ya Marekani, ambako wafungwa hawaruhusiwi mikanda. Ikaingia mitaani, wanamuziki wa rap wakaivaa katika miaka ya 1990, televisheni ikaisambaza dunia nzima. Huko Marekani kwenyewe baadhi ya miji iliipiga marufuku. Mji wa Opa-locka, Florida, ulipitisha amri hiyo mwaka 2007 na kuifuta mwaka 2020. Kijana wa Temeke anayeishusha suruali yake anadhani ameonyesha uhuru. Kumbe anaiga alama ya mtu aliyenyang'anywa uhuru wake. Na hapa hatuzungumzii desturi tu, tunazungumzia mpaka. Akisujudu na suruali ile, tupu yake inaonekana, na swala yake iko hatarini. Hili nitamwambia, na sitaona haya. Lakini nitamwambia pembeni.

Ipo pia israfu. Brazzaville na Kinshasa kuna vijana wanaojulikana kama Sapeur, ambao wanaweza kujinyima chakula ili wanunue suti na viatu vya Paris. Tunawacheka. Lakini kijana wetu anayekopa ili apate viatu vya jina kubwa kwa ajili ya Idd ni ndugu yao. Na dada anayemsumbua mumewe anunue abaya ya bei ya mshahara wa mwezi, ili asirudie aliyovaa kwenye harusi iliyopita, naye ni ndugu yao, hata kama abaya hiyo inaburura chini. Ibn Abbas (r.a.) amepokewa akieleza kuwa mtu ale na avae anachokipenda, almuradi aepukane na mambo mawili: israfu na kibri. Nguo inaweza kuwa ndefu, pana na nyeusi, ikashinda mtihani wa sitara na ikaanguka mtihani wa uchamungu.

Wala hatusemi kuwa pambo ni baya. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, akihofia kuwa hicho ndicho kibri. Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Zingatia tafsiri hiyo. Kumbe mwenye nguo nzuri anaweza kukosa kibri, na mwenye kanzu iliyochakaa anaweza kujaa kibri akimdharau aliyevaa jinzi.

Vipi kuhusu kujifananisha?

Ndugu yangu mmoja mwalimu niliyemweleza mawazo haya alinipinga. Alisema: "Ustadh, umeisahau hadithi ya Abu Daud, kwamba anayejifananisha na watu ni miongoni mwao. Ukiufungua mlango huu, vijana watatoka nao."

Hoja yake ni nzito na siidharau. Hadithi ile tunaikubali. Lakini Maulamaa wameifafanua kuwa inahusu yale mambo ambayo ni alama mahsusi ya dini ya wengine au ya watu waovu, na kule kuwaiga kwa kuwatukuza. Muislamu havai msalaba, wala havai sare ya watu wanaojulikana kwa uchafu. Ama kitu kilichoenea mpaka hakimtambulishi tena mtu wa dini fulani, hukumu yake haiwi hiyo. Kama kila kilichotoka kwa wasiokuwa Waislamu ni haramu, basi tuanze na kanga, ambazo kwa miaka mingi zilichapwa viwanda vya Ulaya na India kabla ya kuwa na viwanda vyetu. Tuendelee na shati na koti ambavyo ndugu yangu huyo huvaa kila siku kwenda kazini. Na tulikumbuke lile juba la Sham.

Kuhusu mlango, mimi naona umeshafunguka siku nyingi. Kijana ana simu mkononi. Katika dakika kumi ameshapita Jakarta, Istanbul, Lagos na Chicago. Hatuwezi kumfungia. Tunachoweza ni kumpa mizani atakayoibeba mfukoni popote atakapokwenda. Tukimpa orodha ya nguo, orodha itachakaa kabla yake. Tukimpa mizani, itampimia hata nguo ambazo bado hazijashonwa.

Mizani yenyewe

Basi, mwanafunzi wangu, jibu la swali lako ni hili. Vazi la Kiislamu si la nchi yoyote, na ndiyo maana linaweza kuwa la kila nchi. Kabla ya kuuliza nguo imetoka wapi, jiulize mambo matatu yanayotokana na ile aya ya Suratul A'raf. Kwanza, je, inanisitiri kama Allah alivyoamrisha, nikisimama na nikisujudu? Pili, je, pambo lake ni shukrani, au ni israfu na kutaka kutazamwa? Tatu, nikiivaa ninamtii nani: Allah, au soko, au woga wa kuchekwa na wenzangu? Nguo ikijibu vizuri yote matatu, ivae, hata kama imeshonwa Guangzhou. Ikishindwa hata moja, iache, hata kama imeandikwa Makka.

Na sisi walimu, maimamu na wazazi tujiulize la nne: kabla sijamkemea huyu, ninakemea kwa aya ipi? Kama sina aya wala hadithi ila mazoea yangu, ninyamaze. Kama ninayo, niiseme kwa upole na faragha, kama ambavyo ningependa kuambiwa mimi.

Katika msikiti wetu sasa zipo misuli sita na kanzu nne zimetundikwa karibu na mlango. Anayeingia suruali yake ikiwa imelegea au fulana yake ina maandishi mabaya, tunamuonyesha pale, anajisitiri, anaingia safu. Hatumuulizi alikotoka. Baadhi yao wiki ya pili huja wamejisitiri wenyewe, bila ya kuambiwa.

Yule kijana wa jinzi nilimuomba radhi pale pale, mbele ya meza yake ya viatu. Akaniambia amenisamehe. Namuamini. Lakini safu ya mbele bado sijamuona, na kila nikimsahihisha mtu mavazi yake, namkumbuka yeye.

Wabillahi tawfiq.